Sefu haibebwi, hutembezwa: namna ya kuihamishia nyumba mpya

Mara ya kwanza nilipotaka kuhamisha sefu ya marehemu baba kutoka dukani Kariakoo, niliita vijana wanane wenye misuli na kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo. Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza. Tulifika ngazi ya tatu. Kijana aliyekuwa upande wa chini aliteleza, sefu ikajikalia yenyewe ukingoni mwa ngazi, ikamega kipande cha zege kama ngumi, na mmoja wetu akatoka na kidole gumba cha mguu kilichovimba hadi kiatu hakivaliki. Ikakaa palepale siku mbili, wapangaji wakipita ubavuubavu na kunipa pole kama nimefiwa upya.

Siku ya tatu alikuja mzee aliyewahi kuwa kuli bandarini, na vijana wawili, mitaimbo miwili na fungu la mabomba. Akaizunguka sefu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaniuliza, "Nani alikwambia hii kitu inabebwa, mwanangu?" Adhuhuri ilipoingia ilikuwa juu ya gari, nasi tunakunywa chai.

Haya ni aliyonifundisha yeye, na niliyoongezea mwenyewe baada ya kuhamisha nyingine tatu za ndugu na majirani. Yanahusu sefu ya kilo 150 hadi 600 hivi. Vile visanduku vya hotelini watu wawili wanatosha. Ikizidi kilo 600, tafuta gari lenye kreni na watu wa kazi hiyo, usome haya ili tu ujue wanachofanya.

Jua uzito kwanza

Jicho hudanganya kwenye sefu. Tumezoea makabati na majokofu, vitu vikubwa vilivyo vitupu ndani. Angalia mgongoni au upande wa ndani wa mlango kama kuna kibati cha kiwandani. Sefu za siku hizi nyingi huandikwa kilo zake. Zile za zamani, Godrej za Bombay au za Kiingereza kama Chubb na Milner, mara nyingi zina jina na nembo tu. Hapo chukua tepu upige hesabu.

Tuseme sefu ina upana wa sentimita 60, kina 60, kimo 100, na kuta zake zina unene wa sentimita 8. Kwa nje ni mita za ujazo 0.36. Toa kuta pande zote, nafasi ya ndani ni kama 0.163. Tofauti yake, 0.197, ndiyo kuta na mlango. Zege lina kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo tayari una kilo 470, na hujagusa mabati ya nje na ndani wala komeo. Chuma kitupu ni kizito zaidi ya mara tatu: bamba la unene wa milimita 10, la mita moja ya mraba, lina kilo 78 na nusu. Kitu unachokiona kama friji ndogo ni nusu tani.

Si zote zina zege. Sefu nyingi za moto za karne ya 19 zilijazwa unga wa mbao na shabu, jiwe lilelile ambalo kinyozi hukupaka akikukata kidevuni. Moto ukipiga, shabu hutoa maji yake na mvuke huzilinda karatasi. Ubaya wake ni kwamba kwa miaka mingi hiyo shabu huila sefu kwa kutu kutoka ndani, kwa hiyo ya aina hiyo iguse kitako kwanza kabla hujaitia mtaimbo. Kuna nyingine za zamani zilizotiwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaotaka kutoboa sefu ili waweke pete za kufungia kamba. Usitoboe.

Toa vyote vilivyomo, hata droo

Hati ya kiwanja, dhahabu za mama, daftari la madeni: hamisha mwenyewe, siku tofauti, bila kutangaza. Kama kuna silaha, zungumza na polisi waliokupa kibali kabla haijatoka ndani ya nyumba. Toa rafu na droo, maana zikianza kugongana ndani mtu hushtuka na kuachia mkono.

Kisha jaribu kufuli mara kumi, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Kama ufunguo unakwama leo, baada ya safari utakwama zaidi, na ni rahisi kumwita fundi sefu ikiwa bado mahali pake. Ya namba za kubonyeza, weka betri mpya. Ujue pia kwamba baadhi ya sefu zina komeo la ziada ndani ya mlango, mara nyingine likishikiliwa na kioo, ambalo hujifunga likipata mshindo mkubwa. Likijifunga, hata mwenye namba sahihi haingii. Hiyo peke yake inatosha kukuzuia kuiangusha "kidogo tu".

Angalia pia kama imefungwa sakafuni. Inua zulia au kadibodi iliyo ndani, chini kabisa, utazame kama kuna vichwa vya bolti. Nimewahi kuona watu watano wakisukuma sefu nusu saa nzima, kumbe imeshikwa na bolti nne ambazo spana namba 19 ingezifungua kwa dakika kumi.

Mwisho funga mlango, zungusha mkanda kuzunguka sefu yote, na ufunguo utie mfukoni mwako. Usiuache tunduni. Utapinda kwenye fremu ya mlango wa kwanza.

Tembea njia yote ukiwa mikono mitupu

Pima kila mlango, kila kona, hata geti la chuma linalofunguka nusu. Milango mingi ya vyumbani ina sentimita 80, na ukitoa fremu na bawaba unabaki na pungufu ya hapo. Ukiling'oa bamba la mlango kwenye bawaba zake unapata sentimita chache za bure.

Hatari ninayoiogopa kuliko ngazi ni chemba ya maji taka. Nyumba zetu nyingi zina shimo uani, mfuniko wake umepigwa plasta au kufunikwa na mchanga na maua, na mwenye nyumba mpya hata hajui liko wapi. Uliza. Kama hakuna anayejua, fuata bomba la choo linapotokea ukutani. Njia ya sefu, na ya tairi za gari pia, ipite mbali na hapo.

Kama uwanja ni mchanga mtupu, kama Kigamboni au Bunju, mabomba hayataviringika. Utahitaji mbao ndefu nne za kutandika kama reli: mbili zinakanyagwa, mbili zinahamishwa mbele.

Vifaa

Mitaimbo miwili ya mita moja na nusu. Mabomba ya chuma ya maji ya inchi moja na nusu, vipande vitano, kila kimoja kirefu kuliko upana wa sefu kwa shibiri moja kila upande. Mbao za mbili kwa sita. Gunia la vipande vya mbao ngumu vya unene mbalimbali, na kabari zisizopungua sita. Plaiwudi ya kulinda marumaru. Kamba nene isiyo na viraka, mikanda minne yenye kikazio, mablanketi mabovu, buti na glavu. Na mche mmoja wa sabuni ya kufulia, utaiona kazi yake.

Watu wanne au watano wanatosha. Wanane ni hatari, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ndiye ameshika. Patana nao kwa kazi nzima, si kwa saa, walishe kabla ya kuanza, na aliyekuja ananuka pombe mlipe nauli arudi.

Mmoja tu ndiye atoe amri. Makuli na mabaharia wa pwani walikuwa na kelele yao ya kazi, harambee, zamani kabla Jomo Kenyatta hajaifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, na faida yake haikuwa furaha: mikono kumi huvuta kwa pumzi moja. Iteni neno lolote mnalotaka, lakini anayeita awe mmoja. Neno ambalo kila mtu ana ruhusa ya kulipiga ni "Simama!", na likisikika hakuna kuuliza kwa nini.

Kuinua ukingo

Hapa ndipo mzee alipoanza kunifundisha kwa kweli. Tia ncha ya mtaimbo chini ya ukingo wa sefu. Chini ya mtaimbo, sentimita 10 kutoka nchani, weka kipande cha mbao ngumu kiwe egemeo. Sasa upande wako una sentimita 140 na upande wa sefu una 10, yaani mara 14. Sefu ya kilo 400 ukiinua ukingo mmoja unainua nusu yake, 200. Gawa kwa 14: kilo 14 na kidogo, ndoo ya maji isiyojaa. Kijana mwembamba anaiinua kwa mkono mmoja huku anazungumza na simu, ingawa simu namkataza.

Usiinue juu. Unene wa kidole unatosha. Mwenzako anasukuma kipande cha mbao ndani kwa kutumia kipande kingine, si kwa vidole. Hili narudia: chini ya sefu haingii mkono, hata kama imekaa juu ya mbao, hata kwa sekunde. Ukiangusha kitu chini yake, kitoe kwa fito.

Inua upande wa pili, tia kipande. Rudi wa kwanza, ongeza. Unapanda ngazi ndogondogo za mbao, kulia na kushoto, mpaka pana nafasi ya kupitisha bomba.

Kuiviringisha

Mabomba matatu chini, mawili mikononi. Sefu ikisogea mita moja, bomba lililo chini yake husogea nusu mita tu. Kwa hiyo litatokea nyuma, na aliye nyuma anaokota na kumpa aliye mbele. Kazi hiyo ni ya mtu mmoja asiyesukuma. Shika bomba kwa ncha zake, ukilikumbatia katikati vidole vitavutwa ndani.

Kukata kona, bomba la mbele liweke upande, kama usukani. Gonga ncha yake kwa nyundo kidogo kidogo na sefu itageuka yenyewe. Wanaosukuma wakae nyuma na pembeni, wasukume chini ya katikati ya kimo. Ukisukuma juu, unaipindua. Kila mkisimama, kabari mbili mbele na mbili nyuma, hata kama ni kusimama kwa kufuta jasho.

Juu ya marumaru tandika plaiwudi. Kabla ya hapo gonga marumaru kwa sarafu. Ile inayolia mvungu haina saruji chini na itapasuka hata ukitandika godoro, kwa hiyo izungukeni au mkubali hasara mapema.

Ngazi

Kama kuna njia ya kuepuka ngazi, lipa uiepuke. Gari lenye kreni kupitia varanda ni ghali mpaka ulinganishe na mguu wa mtu. Kwa sefu inayozidi kilo 300 mimi sasa sifikirii mara mbili.

Ikibidi ngazi, na ni kushuka, fanya hivi. Laza sefu kwa mgongo, mlango ukitazama juu, kwenye ubao mpana ulioifunga kwa mikanda. Tandika mbao ndefu mbili juu ya ngazi ziwe mteremko, uzipigie kizuizi chini zisiteleze. Sasa tafuta nguzo ya zege juu ya ngazi, si bomba la kushikia mkono wala nondo za dirisha. Kamba inatoka kwenye sefu, inazungushwa kwenye nguzo mizunguko mitatu, na mwisho wake anaushika mtu mmoja mtulivu.

Mteremko wa ngazi za kawaida huleta karibu nusu ya uzito kwenye kamba, tuseme kilo 200. Sikuamini kwamba mtu mmoja angezuia. Mzee alinipa kamba nishike mwenyewe. Mizunguko ile mitatu inakaza zege kiasi kwamba nilipoacha kulegeza, sefu ilisimama kimya na mkononi nilihisi uzito wa mbuzi anayevuta shingo. Ukilegeza kwa kiganja, inashuka kiganja. Mzunguko hauondolewi nguzoni hata mmoja mpaka sefu imegusa sakafu ya chini.

Na hakuna mtu chini yake. Wote wako juu au pembeni. Vijana watataka kukaa chini "kuizuia isiende kasi". Kilo 400 zikiamua kwenda, hazizuiwi na kifua. Kama kasi imewashinda, tawanyikeni, iacheni ivunje inachovunja.

Kupanda ni kinyume chake, na badala ya mikono tumia winchi ya mnyororo, ile ambayo mafundi gereji huinulia injini, ikifungwa kwenye nguzo ileile.

Gari

Kirikuu imeundwa kubeba kilo 350. Dereva wake atakuapia kwamba jana kapakia tani ya matofali, na huenda ni kweli, lakini matofali yametandazwa bodi nzima na hayana kimo. Kodi kenta. Bodi ya kenta ina kimo cha sentimita 80 hadi 100. Ukiwa na mbao za mita nne, unavuta robo ya uzito pamoja na msuguano. Msuguano huo ndio unaoukata kwa sabuni ya mche: zikwangulie mbao, nyunyiza maji kidogo, na ubao ulioifunga sefu utateleza kama ngalawa inayoshuliwa majini. Kabla ya kuanza, kagua breki ya mkono, mawe chini ya tairi zote nne, na jiwe chini ya mkia wa bodi usizame.

Isogeze mpaka iegemee ukuta wa bodi nyuma ya kichwa cha gari, katikati. Dereva akifunga breki, sefu haina pa kukimbilia. Mikanda minne, miwili kila upande, na kabari zilizopigwa misumari kwenye mbao za bodi. Kama ni ndefu na nyembamba, ilale kwa mgongo. Kamwe isilale kwa mlango. Nyuma asipande mtu, hata mwenye sefu yake. Matuta ya barabara zetu mengine hayana rangi wala kibao, na gari likiruka, aliye kati ya sefu na bodi ndiye kabari.

Halafu jambo la mtaa. Sefu ikishuka mchana kweupe, jioni kila mtu anajua nyumba mpya ina nini. Mimi huifunika na boksi la jokofu na kuizungushia blanketi, na wakiuliza ni mashine ya kusaga. Jumapili asubuhi na mapema ni wakati mzuri. Mjumbe wa mtaa unaohamia mjulishe kwamba unahamia; kilichomo kwenye boksi si lazima akijue.

Kuiweka mahali pake

Chagua mahali kabla hujafika. Pazuri ni chini, juu ya jamvi la zege lililokaa juu ya ardhi, kwenye kona ya kuta mbili. Ghorofani ni hadithi nyingine: kwa kanuni za Kiingereza ambazo wahandisi wetu wengi wamesomea, sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Sefu ya kilo 400 yenye kitako cha sentimita 60 kwa 60 inaikandamiza kwa zaidi ya kilo 1,100 kwa mita ya mraba pale ilipokaa. Haimaanishi itadondoka kesho, kwa kuwa sakafu hugawana mzigo, lakini usiiweke katikati ya chumba. Iwe karibu na ukuta ulio juu ya boriti, juu ya mbao nene za kutawanya uzito, na baada ya mhandisi kutazama ramani.

Kuishusha kutoka kwenye mabomba ni kama kuipandisha, kinyumenyume, kipande kwa kipande. Vipande vya mwisho ndivyo hubana. Mzee alikuwa na dawa: barafu ya samaki. Weka mapande manne ya unene sawa chini ya pembe nne, toa mbao, isukume sefu mpaka karibu na ukuta ikiteleza juu ya barafu, kisha subiri. Inashuka polepole bila mtu kuigusa, nawe unafuta maji kwa tambara.

Usiigusishe ukuta, acha nafasi ya vidole vitatu hewa ipite. Kwa pwani yetu hili si urembo. Ndani ya sefu hukaa unyevu, na hati huota ukungu. Tia vipakiti vya kunyonya unyevu, na ufungue mlango robo saa kila wiki. Chini yake weka mpira mgumu wa unene wa sentimita moja, kwa sababu adui mkubwa wa sefu nyumbani si mwizi, ni deki: kila asubuhi maji ya sabuni yanaingia chini ya kitako, na hakuna anayeona kutu mpaka siku ya kuhama tena.

Weka pimamaji juu yake, kushoto-kulia na mbele-nyuma. Njia nyingine ni kuuachia mlango nusu wazi. Ukijifungua au kujifunga wenyewe, sefu imeinama, ongeza bati jembamba upande wa chini. Ikiwa haifiki kilo 300, ifunge sakafuni kwa bolti kupitia matundu yake ya kiwandani, maana ulivyoiingiza kwa mabomba, na mwingine anaweza kuitoa kwa mabomba.

Sasa jaribu kufuli, mlango ukiwa wazi. Zungusha ufunguo au bonyeza namba, makomeo yatoke nje, yarudi. Mara tatu. Yakikwama hewani, mwite fundi, mlango bado uko wazi na kazi yake ni ya nusu saa. Yakienda vizuri mara zote tatu, ndipo unaufunga, ufunguo ukiwa mkononi mwako, na ndani pakiwa bado patupu.